Namna ya kulinganisha njia za kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi chini ya ardhi: mwongozo kwa wachorongaji na wanajiolojia wa Kanda ya Ziwa

Kanda ya Ziwa haina makaa ya mawe. Mwamba unaoubeba mji wa Mwanza, pamoja na Jiwe la Bismarck linalotokeza majini karibu na bandari, ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali makaa ya mawe ya Tanzania yamelala katika miamba ya Karoo, yenye umri wa takribani miaka milioni 250 hadi 300, huko Ngaka, Mchuchuma, Kiwira na Namwele. Hata hivyo, wachorongaji na wanajiolojia waliofundwa kazi kwenye dhahabu ya Geita na Bulyanhulu huajiriwa popote penye mashine ya kuchoronga, na wengine wao hujikuta siku moja mbele ya sampuli za makaa, wakiulizwa kama tabaka lile linafaa kugeuzwa kuwa gesi papo hapo lilipo, bila kuchimbwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, kwa sababu mazoea mema ya dhahabu huweza kumpotosha mtu katika kazi hii. Mtu wa dhahabu amezoea kuanza na swali la kiasi cha madini kwa tani. Hapa swali la kwanza ni maji, la pili ni paa la mwamba, na makaa yenyewe huja katika nafasi ya tatu. Ukiufuata mpangilio huo, uchaguzi wa njia huwa mwepesi kuliko unavyoonekana, na mara nyingi utagundua mapema kwamba eneo halifai kwa njia yoyote.

Kazi yenyewe kwa ufupi

Kisima kimoja hupeleka hewa, au oksijeni pamoja na mvuke, hadi ndani ya tabaka. Makaa huwashwa, nayo gesi inayotokana na moto huo hupandishwa juu kupitia kisima cha pili. Mchoma mkaa wa Usukumani anayefukia tanuri kwa udongo na kuacha matundu machache anaielewa nusu ya siri hii, maana anajua kwamba hewa ikizidi mali yote huwa majivu, na ikipungua moto huzimika. Tofauti ni kwamba yeye anahifadhi kile kinachobaki tanurini na kuuacha moshi uende zake, ilhali sisi tunauhifadhi ule moshi.

Ndani ya tabaka, kaboni inayoungua kabisa kuwa kaboni dioksidi hutoa takribani kilojuli 394 kwa moli moja. Joto hilo ndilo linaloendesha kazi tunayoitaka: mvuke wa maji unapokutana na kaboni ya moto hutoa kaboni monoksidi na hidrojeni, lakini hunyonya takribani kilojuli 131 kwa moli; na kaboni dioksidi inapokutana na kaboni hiyo hiyo hugeuka kuwa kaboni monoksidi, ikinyonya takribani kilojuli 172. Methani nayo hupatikana, hasa pale shinikizo linapokuwa kubwa. Hesabu hii inaeleza kwa nini maji ni rafiki kwa kiasi na adui yakizidi. Bila maji hakuna hidrojeni, lakini maji mengi hula joto lote, na gesi inayotoka huwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuendesha injini.

Anza na maji

Kabla ya kutaja njia yoyote, tafuta kiwango cha maji chini ya ardhi katika eneo zima la tabaka. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takribani megapaskali 0.1. Sehemu ya Ziwa Victoria yenye kina kirefu kuliko zote ina takribani mita 80, kwa hiyo chini kabisa maji hukandamiza kwa megapaskali 0.8 hivi, ilhali tabaka lililo chini ya mita 300 za maji hukandamizwa kwa megapaskali 3. Shinikizo hilo la asili ndilo ukuta unaolizunguka pango la moto. Pango likiendeshwa kwa shinikizo lililo chini kidogo ya hapo, maji husogea taratibu kuelekea kwenye moto na kuizuia gesi isitoroke. Likiendeshwa kwa shinikizo kubwa kuliko la maji, gesi hupenya kwenye nyufa za mwamba ikibeba benzini, fenoli na lami, na vitu hivyo hubaki katika maji ambayo watu na mifugo watakuja kuyanywa. Likiendeshwa kwa shinikizo la chini mno, maji hufurika na kuuzima moto.

Kosa ambalo ni rahisi kufanyika ni kupiga hesabu kuanzia juu ya ardhi. Chukua tabaka lililo kwenye kina cha mita 300, katika eneo ambalo maji ndani ya kisima cha uangalizi yanasimama mita 40 chini ya ardhi. Kimo cha maji ni mita 260, si 300, kwa hiyo kikomo cha shinikizo ni megapaskali 2.6. Mtu aliyepanga kuendesha pango kwa megapaskali 2.8, akidhani yuko salama kwa sababu kina ni mita 300, atakuwa anasukuma sumu nje tangu siku ya kwanza. Tena kiwango hicho hubadilika kati ya masika na kiangazi, na moto wenyewe hukishusha kwa kunyonya maji ya jirani. Pima angalau mwaka mzima kabla ya kuandika namba yoyote kwenye ripoti, na uwe na visima vya uangalizi ndani ya tabaka lenyewe, katika mwamba ulio juu yake, na katika kila mwamba wenye maji yanayotumiwa na wananchi.

Ninasisitiza jambo hili kuliko yote kwa sababu historia ya kazi hii imeandikwa na maji. Huko Hoe Creek, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, majaribio ya mwaka 1976 hadi 1979 yalifanywa katika tabaka nene lililokuwa karibu mno na uso wa ardhi, kwenye kina kisichofika mita 60. Paa likaporomoka, miamba yenye maji iliyokuwa juu ikaunganika na pango, na benzini ikaonekana katika maji ya ardhini. Chinchilla, katika jimbo la Queensland nchini Australia, kampuni ya Linc Energy iliendesha mitambo yake kuanzia mwaka 1999 hadi 2013. Mwaka 2018 mahakama iliitia hatiani kwa kusababisha madhara makubwa ya mazingira kwa makusudi na kuitoza faini ya dola milioni 4.5 za Australia, nayo serikali ya jimbo ilikwisha kutangaza marufuku ya teknolojia hii mwaka 2016. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua thamani ya maji yasiyo na shaka. Watu wa Bonde la Ziwa Nyasa na la Ziwa Rukwa, ambako makaa yetu yapo, wanastahili uangalifu ule ule ambao tungeudai kwa ajili ya Nyamagana au Ukerewe.

Kisha tazama paa

Makaa yakiisha, kinachobaki ni pango lenye majivu, na paa lake litashuka. Suala ni litashuka kiasi gani. Mwamba ukivunjika huongezeka ujazo, na ongezeko hilo ndilo linalolijaza pango hadi mporomoko usimame. Kwa makadirio ya kwanza, gawanya unene wa makaa yaliyoondoka kwa kiwango cha ongezeko hilo. Tabaka la mita 5 chini ya mwamba unaoongezeka kwa asilimia 25 litaporomosha takribani mita 20 za paa. Tabaka la mita 10 litaporomosha takribani mita 40. Juu ya hapo kuna ukanda mwingine ambao hauanguki lakini hupasuka, na nyufa zake hupitisha maji na gesi. Ikiwa mwamba wenye maji ya kunywa umo ndani ya kanda hizo mbili, eneo hilo liondoe kwenye orodha, hata kama makaa yake ni mazuri kupita yote uliyowahi kuyaona.

Mwanajiolojia wa dhahabu huwa na desturi ya kuipitia haraka sehemu ya sampuli isiyo na madini ili aufikie mwamba wenye dhahabu. Katika kazi hii sehemu hiyo ndiyo yenye thamani. Andika kila tabaka la tope-mwamba lililo juu ya makaa, unene wake, nyufa zake, na kama linalainika likiloweshwa maji. Tope-mwamba nene lisilopasuka ni kifuniko kizuri. Jiwe la mchanga lenye nyufa ni njia ya maji. Makaa ya Karoo hapa kwetu hulala kwa kupishana na aina zote mbili, na mabonde yenyewe yamekatwakatwa na mipasuko ya ardhi. Ni makosa kuazima maelezo ya shimo moja na kuyapeleka kwenye shimo lililo mita 500 mbele, kwa maana mpasuko mmoja katikati unaweza kuwa umelishusha tabaka kwa makumi ya mita.

Makaa yenyewe

Kuna sifa nne zinazobadilisha uchaguzi wa njia.

Ya kwanza ni daraja la makaa. Makaa ya kahawia na yale ya daraja la chini husinyaa na kupasuka yanapopata joto, hivyo hufungua njia za gesi yenyewe. Makaa ya bituminasi mengi hufanya kinyume: hulainika, huvimba na kuziba njia. Kipimo cha uvimbe hufanywa maabara kwa gharama ndogo, na matokeo yake yanaweza kuifuta njia nzima kabla hujatumia fedha ya kuchoronga.

Ya pili ni unene. Tabaka likiwa chini ya mita 2, sehemu kubwa ya joto hupotelea kwenye paa na sakafu, na gesi hudhoofika. Mita 3 hadi 10 ni eneo la kufanyia kazi kwa raha. Linapozidi hapo faida ya makaa huongezeka, lakini hesabu ya paa niliyoieleza hapo juu huwa ngumu.

Ya tatu ni jivu. Makaa yenye jivu la asilimia 20 hadi 30 bado hufaa, na hapa ndipo njia hii inapoyafaa makaa ambayo soko la kawaida huyakataa, kwa kuwa jivu hubaki chini. Jivu likikaribia asilimia 50 moto huhangaika.

Ya nne ni mwinamo. Tabaka lililolala bapa na tabaka lililosimama kwa nyuzi 60 haviendeshwi kwa njia moja, hata kama makaa yao yanafanana kwa kila kipimo cha maabara.

Sifa ya tano ningeiweka kando: kina. Kwa makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi kiasi cha kuchimbwa kwa shimo la wazi, kama yale yanayochimbwa Ngaka, sioni sababu ya kuhatarisha maji kwa kuyawasha chini kwa chini. Njia hii ina maana pale ambapo makaa yapo chini sana, yamechanganyika na mawe, au yamekaa vibaya kwa mchimbaji wa kawaida.

Njia zilizopo na mahali pake

Njia kongwe ni ile ya kuingiza watu chini wajenge njia za hewa kwa mikono kabla ya kuwasha. Warusi walianza nayo katika miaka ya 1930, na China ilifufua sura yake moja katika miaka ya 1990 kwa kutumia mashimo ya migodi iliyoachwa. Mgodi wa zamani wa chini ya ardhi huweza kumshawishi mtu, kwa kuwa njia za chini tayari zipo. Ushauri wangu ni kuiacha. Ramani za migodi ya zamani mara nyingi hazijakamilika, na kila njia isiyojulikana ni mlango wa gesi yenye sumu.

Njia ya visima vya wima vilivyounganishwa ndiyo iliyofanya kazi kwa muda mrefu kuliko zote. Visima huchorongwa kwa safu, kwa umbali wa mita 20 hadi 30 kati ya kimoja na kingine, kisha hutafutwa namna ya kuviunganisha ndani ya makaa. Namna iliyozoeleka ni kuwasha moto kwenye kisima kimoja na kusukuma hewa kutoka kisima cha jirani. Moto huifuata hewa kwa kurudi kinyumenyume kuelekea inakotoka, na kuacha nyuma yake mfereji mwembamba ulioungua. Angren, nchini Uzbekistan, imetumia njia hii kwenye makaa ya kahawia tangu mwaka 1961 na kupeleka gesi yake kwenye kituo cha umeme. Afrika Kusini, shirika la umeme la Eskom liliwasha tabaka la Majuba mwezi Januari 2007 katika kina cha takribani mita 280, mahali ambapo uchimbaji wa kawaida ulikwisha kushindwa kwa sababu doleraiti, mwamba mgumu uliopenya ukiwa umeyeyuka, imelikata tabaka vipande vipande, na mwaka 2010 gesi yake ikachomwa pamoja na makaa katika kituo cha umeme cha Majuba. Mfano wa Majuba unatuhusu sana, kwa sababu makaa yale ni ya Karoo kama ya kwetu, na kwa sababu unaonyesha fadhila kubwa ya visima vya wima: ukikutana na mpasuko unaruka na kuchoronga kisima kingine upande wa pili.

Udhaifu wake uko kwenye kuunganisha. Makaa yasiyopitisha hewa huhitaji kusukumwa kwa shinikizo kubwa, na mara nyingi shinikizo hilo hupita lile la maji ya ardhini kwa saa au siku kadhaa. Katika tabaka lenye kina kifupi na paa dhaifu, siku hizo chache zinatosha kupasua mwamba. Katika kina kirefu tatizo huwa jingine: Thulin, nchini Ubelgiji, kwenye kina cha takribani mita 860, jaribio la kuunganisha kwa moto wa kurudi nyuma lilishindwa katika miaka ya 1980, na ikabidi njia ichorongwe. Kwa hiyo visima vya wima vinafaa kwa makaa ya daraja la chini, yanayopitisha hewa, yenye kina cha kati, na hasa pale ambapo mipasuko ni mingi.

Njia ya tatu inajulikana kimataifa kwa herufi CRIP, yaani mdomo wa kusukumia hewa unaorudishwa nyuma kwa mpango. Wamarekani waliibuni ili waepuke ubahatishaji wa kuunganisha. Kisima huchorongwa kutoka juu, kikapindishwa na kulala ndani ya makaa karibu na sakafu kwa mamia ya mita, hadi kikutane na kisima cha wima cha kutolea gesi. Moto huwashwa mwishoni mwa kisima kilicholala. Makaa ya pale yakiisha na gesi ikianza kudhoofika, mdomo wa bomba la kusukumia hewa hurudishwa nyuma kwa mita kadhaa, bomba la zamani huchomwa, na pango jipya huanzishwa kwenye makaa mabichi. Ipo pia sura yake yenye visima viwili vilivyolala sambamba, kimoja cha hewa na kimoja cha gesi, ambayo ilitumika Bloodwood Creek nchini Australia. Mwaka 1987 na 1988, karibu na Hanna huko Wyoming, CRIP ililinganishwa na visima vya wima vilivyounganishwa kwa kuchoronga, katika tabaka moja na kwa wakati mmoja. CRIP iliendelea kwa muda mrefu zaidi na kula makaa mengi zaidi. Mwaka 1997 ilijaribiwa Uhispania, huko El Tremedal, kwenye kina cha takribani mita 550, na baadaye Swan Hills nchini Kanada kwenye kina cha takribani mita 1,400.

Ninaipenda njia hii kwa sababu moja juu ya nyingine zote: muunganiko umechorongwa, hivyo hakuna siku ambayo ni lazima shinikizo lipandishwe kupita maji. Lakini inadai tabaka lililonyooka. Kisima kilicholala kikikutana na mpasuko uliolishusha tabaka kwa mita 8, hujikuta ndani ya jiwe la mchanga, na fedha yote iliyotumika kukifikisha pale imepotea.

Njia ya nne ni ya matabaka yenye mwinamo mkali. Kisima cha hewa huchorongwa kupitia mwamba wa sakafu hadi kwenye sehemu ya chini ya tabaka, na kisima cha gesi hufuata makaa yenyewe kwa juu. Makaa yanapoungua chini, yale ya juu huangukia motoni yenyewe, kwa hiyo moto haukosi chakula, na mguso kati ya kaboni na mvuke huwa mzuri. Kituo cha Yuzhno-Abinsk huko Siberia kilifanya kazi hivyo kuanzia mwaka 1955 hadi 1996, na majaribio ya Rawlins, Wyoming, ya mwaka 1979 na 1981 yalitoa gesi nzuri katika tabaka lenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 60. Tahadhari yake ni kwamba sehemu ya juu ya tabaka huweza kufika usoni mwa ardhi, na ni lazima ibakizwe nguzo nene ya makaa isiyoguswa ili moto usipate njia ya kupumulia.

Piga hesabu ya mita za kuchoronga

Wachorongaji hawahitaji kufundishwa kwamba mita ni fedha. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na namba zake za gharama zibadilishwe kulingana na zabuni zilizopo.

Chukua hekta moja ya tabaka bapa. Kwa visima vya wima vyenye nafasi ya mita 25 utahitaji visima 16. Tabaka likiwa kwenye kina cha mita 100, hizo ni mita 1,600. Likiwa kwenye mita 500, ni mita 8,000, na kati ya hizo ni chache mno zinazogusa makaa. Sasa chukua CRIP yenye kisima kinacholala mita 500 ndani ya makaa na kula upana wa mita 30, yaani hekta 1.5. Kwenye kina cha mita 100, tukikadiria mita 800 za kisima cha kupindishwa na mita 100 za wima, na tukichukulia kwamba mita ya kupindisha hugharimu mara 3 ya mita ya kawaida, tunapata sawa na mita 2,500, ambazo zikigawanywa kwa hekta 1.5 ni kama mita 1,667 kwa hekta. Kwenye kina cha mita 500, tukikadiria mita 1,200 za kupindishwa na 500 za wima, tunapata sawa na mita 4,100, ambazo ni kama 2,733 kwa hekta.

Kwenye mita 100, basi, njia hizi mbili zinalingana kwa gharama, na uamuzi unapaswa kutolewa na mipasuko na maji. Kwenye mita 500 visima vya wima vinagharimu karibu mara 3 ya CRIP. Hapo katikati, mita 200 hadi 300, ndipo mjadala wa kweli ulipo, na ndipo ripoti yako inapohitajika kuwa na ushahidi wa mipasuko kuliko maneno mengi ya kiuchumi.

Linganisha pia kile kinachopatikana. Hekta moja ya tabaka la mita 5, kwa uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo, ina tani 70,000. Makaa yenye gigajuli 20 kwa tani hutoa jumla ya gigajuli milioni 1.4. Tukichukulia kwamba asilimia 60 ya makaa huguswa na moto, asilimia 70 ya nishati yake hufika juu ikiwa ndani ya gesi, na mtambo hugeuza asilimia 35 kuwa umeme, tunabaki na takribani megawati-saa 57,000. Mtambo wa megawati 10 unaofanya kazi saa 8,000 kwa mwaka utaimaliza hekta hiyo kwa miezi 8 na nusu hivi. Mtu anayesikia habari za mtambo mkubwa aulize mara moja ni hekta ngapi zitakazochomwa kwa mwaka, na ni vijiji gani vilivyo juu yake.

Hewa au oksijeni

Hapa sitakaa sana. Hewa ni rahisi, lakini naitrojeni iliyomo huizimua gesi, na thamani yake ya joto huwa megajuli 3 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Oksijeni pamoja na mvuke huipandisha hadi takribani megajuli 9 hadi 13, ilhali gesi asilia yetu ya Songosongo na Mnazi Bay iko zaidi ya 35. Gesi ya hewa haifai kusafirishwa mbali. Itumike pale pale kwenye mtambo wa umeme. Gesi ya oksijeni inafaa kutengenezea mbolea au kemikali, lakini kiwanda cha kutenga oksijeni hula umeme mwingi. Visima vya wima vya kina kifupi huendana na hewa, na CRIP ya kina kirefu huendana na oksijeni, kwa sababu gharama ya kisima kile hailipwi na gesi dhaifu. Ikumbukwe kwamba kwa njia zote mbili gesi inayotoka hubeba kaboni dioksidi nyingi, na mpango usiosema itapelekwa wapi haujakamilika.

Kuandaa ripoti ya ulinganisho

Andika ripoti kwa mpangilio ule ule wa maswali: maji, paa, makaa, mwinamo, kina, halafu njia. Kwa kila njia eleza kitu kinachoweza kuiua, kabla ya kueleza kinachoipendeza. Tabaka bapa, nene, la daraja la chini, lililokatwa na mipasuko, kwenye kina cha mita 150 hadi 300, lielekeze kwenye visima vya wima, ilimradi jaribio la kupitisha hewa lionyeshe kwamba kuunganisha kutawezekana bila kulizidi shinikizo la maji. Tabaka bapa lililonyooka kwa mamia ya mita, lenye kina cha zaidi ya mita 300, liwe na makaa yanayovimba au yasiyovimba, lielekeze kwenye CRIP. Tabaka lililosimama lielekeze kwenye njia ya mwinamo mkali, baada ya kuthibitisha nguzo ya juu. Na tabaka lenye mwamba wa maji ya kunywa ndani ya ukanda wa mporomoko liandikiwe kwamba halifai, kwa sentensi moja iliyo wazi na ramani yake, bila kumwachia msomaji nafasi ya kulitafsiri vingine.

Ambatisha takwimu za maji zilizopimwa kabla ya kazi yoyote: benzini, fenoli, amonia, na chumvi, kwa kila kisima na kwa misimu yote miwili. Bila takwimu hizo hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kama maji yalichafuliwa au yalikuwa hivyo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na bodi ya maji ya bonde husika wapewe nakala mapema, kwa kuwa tathmini ya athari kwa mazingira ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Eleza pia namna ya kufunga: pango halizimwi kwa kufunga vali na kuondoka, bali shinikizo hushushwa, mvuke hupitishwa ili kuzoa mabaki ya benzini na lami yakiwa bado katika hali ya gesi, na maji ya ardhini huachwa yaingie ndani ya pango, yakisukumwa juu na kusafishwa hadi vipimo virudi vilivyokuwa.

Jambo la mwisho linawahusu wachorongaji wenyewe. Shimo la utafiti wa dhahabu likimalizika, mara nyingi hufunikwa kwa zege kichwani na kuachwa. Shimo la utafiti wa makaa lisiachwe hivyo. Lijazwe saruji kuanzia chini hadi juu, bomba la saruji likishushwa hadi kitakoni na kupandishwa taratibu, na kiasi cha saruji kilichoingia kilinganishwe na ujazo wa shimo. Andika nukta zake kwenye ramani, kina chake, tarehe ya kuzibwa na jina la aliyesimamia, halafu kabidhi orodha hiyo pamoja na sampuli. Kisima cha gesi kitakapowashwa, hata baada ya miaka mingi, kila shimo lisilozibwa ndani ya eneo hilo litakuwa bomba la moshi.